Ila ya nyumba haionekani kutoka angani

Katika makongamano ya mipango miji siku hizi kuna picha isiyokosekana. Ni Dar es Salaam iliyotazamwa kutoka angani, mara nne au tano, kila picha na mwaka wake. Ya kwanza ina doa jekundu lililojikunyata karibu na bandari. Ya pili, doa limenyoosha vidole vinne kufuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa. Ukifika ya mwisho, vidole vimenenepa hadi vimeshikana na kuwa kiganja. Kisha mtoa mada hubonyeza tena, na hutokea mwaka ambao haujafika: 2040, 2050. Doa limemeza Kibaha na linanyemelea Bagamoyo. Ukumbi hushusha pumzi. Akisema hapo kwamba sasa tunajua mji unakokwenda, kilichobaki ni kupanga, karibu vichwa vyote huitikia.

Changu hakiitikii. Sina ugomvi na setilaiti. Nina ugomvi na kauli hiyo, na jinsi tunavyoimeza bila kutafuna. Picha zile zinaonyesha matokeo ya kukua kwa Dar es Salaam, na zinayaonyesha pembezoni, pale shamba linapogeuka mabati. Sababu za kukua huko haziko pembezoni. Nyingi zinatungwa katikati ya mji, na ukitaka kuziona zikitungwa mchana kweupe nenda Kariakoo, mtaa ambao kwa hesabu ya picha hizohizo haujabadilika kwa nusu karne.

Tumpe mpinzani haki yake kwanza. Marekani ilirusha Landsat ya kwanza Julai 1972, na tangu 2008 hazina yote ya picha zake inapatikana bure. Sentinel-2 ya Ulaya, iliyoanza kuruka 2015, hutoa picha kali zaidi, nazo bure. Kwa jiji ambalo mpango wake kabambe wa 1979 ulizeeka makabatini kwa miaka zaidi ya 30 bila kupata mrithi, msaada huo haukuwa mdogo. Leseni za makazi zilipoanza kutolewa Dar es Salaam katikati ya muongo wa 2000, picha za setilaiti zilitumika kutambua majengo kwenye maeneo yasiyopimwa. Tena ni picha hizo zinazotukumbusha kwamba mji hauheshimu mpaka wa mkoa: Bunju imeungana na Mapinga, Mbagala inaelekea Vikindu, na wenye nyumba huko wanaamka alfajiri kuja kazini mjini kama mimi na wewe.

Lakini hata kwenye zile leseni, angalia kazi iligawanywaje. Picha ilihesabu mapaa. Kujua nyumba ni ya nani, mpaka wake na wa jirani uko wapi, na kama mwenye kusema ni yake kweli ni yake, ilibidi watu wateremke, wavae viatu, wamtafute mjumbe, wapite naye mlango kwa mlango. Setilaiti ilikuwa karani. Siku hizi tunataka kuifanya mganga wa ramli.

Sasa twende Kariakoo. Chembe moja ya picha ya Landsat ya siku hizi, pikseli, ni mraba wa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900. Katika mraba huo Kariakoo inaingiza zaidi ya kiwanja kimoja, kwa sababu mtaa huu ulipimwa kwa viwanja vidogo vya nyumba za Kiswahili: korido katikati, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, jiko na choo uani. Setilaiti ya kwanza ilipopita juu, viwanja hivyo vilikuwa vimekwisha kujengwa, nayo ikaandika: pamejengwa. Baadaye nyumba zikaanza kubomolewa moja moja, ghorofa zikapanda, sita, nane, kumi na zaidi. Setilaiti ikapita, ikaandika: pamejengwa. Leo mtaa uleule unapokea wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro, na barabarani hakuna pa kuweka mguu. Setilaiti inapita, inaandika: pamejengwa. Kwenye jedwali la mabadiliko ya matumizi ya ardhi, Kariakoo inasomeka kama mtaa uliolala usingizi.

Kilichotokea chini ya paa ni hiki. Mzee mwenye nyumba ya vyumba sita, tuseme Mtaa wa Likoma au Mtaa wa Nyamwezi, anafariki. Warithi ni tisa, nyumba haigawanyiki. Anatokea mwenye mtaji, naye hanunui, anaomba ubia. Ninyi mna kiwanja, mimi nina saruji na nondo. Ghorofa likisimama, familia inachukua sehemu yake na mwekezaji yake, na tangu sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, kila sehemu inaweza kuwa na hati yake. Ghorofa ya chini inakatwa fremu. Fremu inapatikana kwa kilemba, na mpangaji anayebanwa na kodi anaigawa: nusu vitenge, nusu vifaa vya simu, na kizingitini meza ya machinga. Ghorofa za juu zilizochorwa kuwa makazi zinageuka stoo, maana mzigo wa kutoka Guangzhou unalipa kuliko mpangaji mwenye watoto.

Na waliokuwa wakiishi? Wapangaji wa vile vyumba sita, kila chumba na familia yake, wanatafuta pa kwenda. Warithi waliopata fedha wanataka kujenga. Mfanyabiashara ambaye fremu imemtoa anataka nyumba yenye nafasi ya magari mawili. Wa kwanza utamkuta Chanika, wa pili Kivule, wa tatu Madale. Setilaiti ikipita huko inaona kijani kimegeuka kijivu, na mchambuzi anaandika kwamba mji umepanuka kwa sababu ya ukaribu wa barabara. Barabara ilikuwepo miaka yote. Kilichowasukuma ni mirathi ya Mtaa wa Likoma.

Tazama jinsi utabiri wenyewe unavyofanywa. Modeli nyingi hukata ardhi vipande vya miraba, kisha huuliza kila mraba maswali machache: jirani zako wamejengwa? Barabara iko umbali gani? Mteremko ukoje? Hupima kilichobadilika kati ya picha ya juzi na ya jana, hukisukuma mbele, na kuita matokeo kesho. Ni kama kukadiria mtoto atakuwa mrefu kiasi gani kwa kupima suruali zilizokwisha kumbana. Jibu laweza kuwa karibu na kweli, hasa mtoto akiendelea kula kama alivyokula. Lakini hukumuuliza kama anakula.

Mfano hauko mbali. Mwaka 2021 stendi ya mabasi ya mikoani ilihamia Mbezi Luis. Pale Ubungo ilipokuwa, pakajengwa kituo kikubwa cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000, na wenye fremu Kariakoo wakaanza kuulizana kama mteja wa Lubumbashi atakuja tena hadi Mtaa wa Kongo au ataishia huko njiani. Hilo ni badiliko linaloweza kuhamisha malori, madalali, gesti na mama lishe. Kwa setilaiti, lami imekuwa zege. Kijivu kimekuwa kijivu. Na hakuna modeli iliyoulizwa, kwa sababu uamuzi wa kuhamisha stendi haukutokana na ujirani wa miraba. Ulitoka ofisini.

Utabiri wa namba nao umetufundisha adabu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa jiji lilikuwa limefikia watu milioni 6, na kwamba kufikia 2030 lingepita milioni 10. Sensa ya Agosti 2022 ikakuta mkoa una watu 5,383,728. Kasi ya ongezeko iliyokuwa asilimia 5.6 kwa mwaka kati ya sensa ya 2002 na ya 2012 ilikuwa imeteremka hadi asilimia 2.1. Najua jibu: sehemu ya tofauti ni mpaka, maana wanaolala Mapinga na Vikindu wanahesabiwa Pwani. Nakubali. Ila jibu hilo ni silaha yangu pia. Kama mji umewasukuma watu wake hadi mkoa wa pili, swali la kwanza ni nani aliyewasukuma na kwa bei gani, na swali hilo halijibiwi kwa kukodolea macho Mapinga.

Wahenga walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Kariakoo imetuonyesha ukweli wa methali hiyo kwa namna ya kuumiza.

Mwenye kuujua mtaa huu alijua tangu zamani kwamba unakua juu na chini. Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania aliyechora soko lililofunguliwa mwaka 1975, aliliwekea shimoni, sehemu nzima ya soko iliyo chini ya ardhi, na juu yake akaweka mapaa ya zege yaliyo kama miavuli iliyopinduliwa, ya kukinga maji ya mvua. Kutoka angani unaona miavuli. Shimoni, pale viazi na vitunguu vilipokuwa vikishushwa, huioni.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka karibu na Mtaa wa Mchikichi na Mtaa wa Kongo. Watu zaidi ya 20 walikufa na wengine zaidi ya 80 waliokolewa. Wengi waliokwama walikuwa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, na taarifa za siku zile zilitaja kazi ya kupanua nafasi ya biashara huko chini. Wafanyabiashara walisikika kwa simu kutoka chini ya kifusi. Serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo, kwa maana ya watu wa kuingia ndani, kupanda ngazi, kugonga nguzo na kudai michoro. Miaka 11 kabla, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Lilikuwa limepandishwa kupita ghorofa zilizoidhinishwa. Kibali kilikuwa kwenye faili, ghorofa za ziada zilikuwa hewani, na baina ya faili na hewa hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Jedwali la ukuaji wa mji, kwa majengo yote mawili, lingesema neno lilelile: pamejengwa.

Hapo mpinzani wangu ataniambia kwamba nazungumzia teknolojia ya jana. Picha za kibiashara sasa zinaonyesha kitu kidogo kuliko bajaji. Mwaka 2024 Google ilitoa data zinazokadiria hata urefu wa majengo, mwaka kwa mwaka, kuanzia 2016 hadi 2023. Kariakoo haijifichi tena, atasema.

Nafurahi, na ofisi ya mipango izitumie hata kesho. Kumkamata aliyezidisha ghorofa tatu ni kazi njema. Lakini urefu ni mwanzo wa swali, haujawa jibu. Ghorofa nane za familia na ghorofa nane za stoo zina kivuli kimoja. Jengo lenye kibali na lisilo nacho yana paa moja. Landsat na Sentinel-2 hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi, siku ambayo mawingu ya masika yameridhia. Hazijui Kariakoo ya saa tatu usiku, taa zikiwaka na bidhaa zimetandikwa chini, wala ya alfajiri makuli wakishusha mzigo. Sensa nayo ina upofu wake: humhesabu mtu pale alipolala, na Kariakoo ni mtaa ambao umati wake haulali hapo. Ukiweka upofu juu ya upofu hupati jicho.

Atasema tena: kutembea mlango kwa mlango ni ghali na kunachukua muda, na sisi ni nchi maskini. Hoja hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu kutembea tunatembea tayari. Afisa wa leseni za biashara anaingia kila fremu. Serikali ya mtaa inajua mpangaji aliyehamia jana. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, yaani dola imekwisha kufunga jengo na mita ya umeme katika daftari moja. Wapangaji wengi Kariakoo wana mita zao. Anayetaka kujua ghorofa fulani limegawanywa mara ngapi tangu mwaka jana, na lini makazi yaligeuka stoo, asitazame angani. Ahesabu mita na asome matumizi yake. Na anayetaka kujua mji utaelekea wapi miaka mitano ijayo amuulize dalali wa viwanja. Dalali hana modeli, ila anajua kilemba kilichopanda mwezi uliopita na anajua mteja wake anauliza habari za Kigamboni au za Kibaha. Tunayo maarifa haya. Tumeyatawanya katika ofisi ambazo hazisalimiani.

Tumewahi pia kuonyeshana kwamba inawezekana. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na vijana wa mitaa kwenye kata zinazofurika, wakichora mifereji, njia na nyumba kwa kutembea, huku ndege ndogo zisizo na rubani zikisaidia kwa juu. Karibu miaka 60 kabla yao, mwaka 1956, J.A.K. Leslie, ofisa wa serikali ya kikoloni, alisimamia uchunguzi wa Dar es Salaam uliouliza nani anaishi katika chumba gani, katoka wapi, anakula nini. Kitabu chake cha 1963 bado kinasomwa. Sijui picha gani ya angani ya mwaka huo inakumbukwa na mtu.

Tusisahau kwamba mazoea ya kuwasoma watu kwa mapaa yao tumeyarithi. Wajerumani, kisha Waingereza, waliugawa mji huu kwa aina ya jengo: mawe huku, miti na udongo kule, na aina ya jengo ikawa jina la heshima la rangi ya mtu. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Mnazi Mmoja pakaachwa wazi kati ya Wahindi na Waswahili. Kariakoo yenyewe inaitwa hivyo kwa sababu ya kambi ya wapagazi wa Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Waliochora ramani waliona kambi, wenyeji wakatengeneza mtaa. Ramani haikuwa na uongo. Ilikuwa haijui kinachopikwa ndani.

Nimalizie na hoja ambayo naona ndiyo kubwa, nayo inahusu Jangwani, dakika chache kwa miguu kutoka Kariakoo. Kwamba bonde la Msimbazi ni la maji halikuhitaji kuvumbuliwa. Mpango wa 1979 ulilitaja kuwa ardhi ya hatari. Mafuriko ya Desemba 2011 yakalithibitishia kila mwenye redio, na waathirika wakapelekwa Mabwepande. Nyumba zikapigwa X, zikavunjwa. Na katika bonde hilohilo tukaweka karakana ya mabasi yaendayo haraka, mabasi yakaanza kazi 2016, na kila mvua kubwa ilipokuja tulihamisha mabasi na kufunga barabara. Picha zilikuwepo. Ramani zilikuwepo. Wazee wa Ilala walikuwepo. Hakuna aliyekosa kuona. Tulichokosa ni mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana na kinga ya kubaki kazini baada ya kuisema.

Ndiyo maana naogopa doa jekundu la makongamano. Linamfanya ofisa aamini kwamba tatizo ni kutoona, na kwamba fedha zikipatikana za kuona zaidi, kupanga kutafuata. Wakati huo faili la kibali linashika vumbi, fremu inakatwa mara ya nne, na mtu anachimba chini ya nguzo.

Basi rai yangu kwa Halmashauri ya Jiji ni hii. Kabla ya kulipia utabiri wa 2050, wekeni meza moja mambo manne mliyo nayo: vibali vya ujenzi vya Kariakoo, leseni za biashara, mita za LUKU na kumbukumbu za serikali za mitaa. Linganisheni vibali na ghorofa zilizopo, kwa macho, mtaa kwa mtaa. Ulizeni waliohama wamekwenda wapi. Hapo setilaiti iitwe, nayo itakuwa na maana, kwa sababu mtakuwa mnajua mnachokitafuta kule Chanika na Madale.

Na kwa msomaji atakayeonyeshwa ile picha ukumbini: iangalie, ni nzuri. Kisha kumbuka jambo moja. Ijumaa ya tarehe 15 Novemba 2024, kutoka angani, paa la lile jengo la Kariakoo lilikuwa zima.